Mvinyo wa Shemeji

Shefu alikitambua kicheko kabla hajamwona mwenye nacho. Alikuwa kwenye sinki la nyuma akimenya kamba, vidole vimekufa ganzi kwa barafu, kicheko kikapenya kutoka upande wa mapokezi. Kilianzia juu, kikashuka taratibu, kikamalizikia puani. Aliyaacha maji yakimwagika, akasogea hadi kwenye mlango wa jiko wenye kidirisha cha kioo, akachungulia.

Alikuwa yeye. Amenenepa shingo na amepata suti, lakini ni yule yule: shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Alisimama na meneja wa hoteli kando ya toroli iliyojaa maboksi, akimpigapiga meneja begani kana kwamba wamenyonya ziwa moja.

"Vipi, Shefu, umeona jini?" aliuliza Mzee wa Mafuta. Huyu alikuwa msaidizi wake, mtu wa makamo aliyesimamia karai la kukaangia, na jina hilo alipewa kwa sababu hata siku ya mapumziko alinukia samaki.

"Afadhali jini. Jini likifukuzwa huenda," alisema Shefu, akarudi kwenye kamba wake. Aliwamenya kwa nguvu hata vichwa vikaruka.

Kabla hajaitwa Shefu, alikuwa mke wa mtu na mpishi wa mgahawa wao wenyewe, katika mji mwingine mbali na huu. Mumewe alikaa kaunta akipiga soga na wateja, yeye alikaa jikoni. Jengo lilikuwa la mama mkwe. Kisha jioni moja mumewe alikula chakula chake kama kawaida, akasema kifua kinambana, akajinyoosha kitandani, asiamke tena. Daktari alisema ni moyo. Alilisema hilo mbele ya familia nzima, na kila mtu aliitikia kwa kichwa.

Lakini msibani, wanawake wakiwa wamejaa chumbani, shemeji alimwinamia mama yake na kusema kwa sauti ya mtu anayeona haya: "Mama, mimi simshuku mtu. Ila mwulizeni shemeji alimpikia nini."

Neno hilo halikuhitaji miguu. Kabla jua halijatua lilikuwa limeshapiga hodi kila nyumba. Chakula alichowapikia waombolezaji kilimwagwa nyuma ya ukuta, na shangazi mmoja wa marehemu akamwambia usoni kwamba hata paka wamekinusa wakaondoka. Wateja waliuhama mgahawa, mwanzo mmoja mmoja, baadaye kwa makundi. Alilia, akaapa, akaomba daktari aitwe tena, lakini nani atamsikiliza mjane wakati mdogo wa marehemu yuko pale anajifuta machozi? Mwishowe mama mkwe, aliyekuwa akimwita "mwanangu" siku zote, alimsimamisha mbele ya ukoo akamwambia hawezi kulala chini ya paa moja na mkono uliomzika mwanawe. Aliondoka na nguo zake na visu vyake vya jikoni. Shemeji akaingia mgahawani, akapaka ukuta rangi mpya, wateja wakarudi. Hapo ndipo yeye alipoelewa kwamba alichokuwa akililia shemeji hakikuwa kaka.

Meneja aliingia jikoni akiwa na chupa mkononi.

"Shefu, nina kazi yako nzuri. Jumamosi mchana tuna wageni. Bwana mmoja analeta mvinyo kutoka Italia, huu mweupe wenye mapovu, na yule mama anayenunua vinywaji vya hoteli zote za kampuni anakuja kuuonja. Tunataka chakula kitakachokwenda nao. Nimemwambia mgeni nina mpishi mmoja moto wa kuotea mbali."

"Ameuliza ni nani?"

"Aulize ya nini? Yeye anauza mvinyo, hauzi wapishi." Meneja aliweka chupa mezani. "Onja, ujue utafanyaje."

Shefu aliionja mchana ule ule, jiko lilipotulia, baada ya kuipoza kwenye ndoo ya barafu. Kizibo kilitoka kwa pumzi ndogo. Alimmiminia Mzee wa Mafuta, akajimiminia na yeye, akainua glasi. Mapovu yalikuwa madogo, yakipanda kwa mistari bila haraka. Harufu ilikuwa ya peasi lililoiva na ua fulani jeupe. Alipokunywa, ulimi ulikutana kwanza na utamu, utamu wa kiasi, wa mtu anayekusalimia na kupita. Kisha ukali mdogo ukafuata na kuufagia mdomo, ukabaki safi.

"Mzuri," alisema Mzee wa Mafuta, akaitazama glasi kwa mashaka. "Mzuri vibaya."

 Ilimuudhi Shefu kwamba kitu kilichobebwa na mikono ile kiwe kizuri. Alikwenda kwenye friji akatoa kipande cha keki iliyolowa asali, akala, akanywa juu yake. Mvinyo uligeuka papo hapo. Utamu wote ulikimbia, ikabaki chachu kama maji ya ndimu iliyosahauliwa dirishani. Akarudia ili ahakikishe, na alipohakikisha alitabasamu.

"Onja na keki," alimwambia Mzee wa Mafuta.

Mzee alionja, uso ukajikunja. "Mbona umeharibika?"

"Haujaharibika. Mvinyo wenye utamu mdogo ukiuweka karibu na utamu mkubwa, unaonekana siki. Kama dada asiyependwa akisimama karibu na bibi harusi." Aliweka glasi chini. "Jumamosi nitawapa asali mwanzo, asali katikati, asali mwisho. Kuku wa asali, mboga za sukari, keki. Mnunuzi atakunja uso kama wewe. Hakuna atakayenilaumu, maana chakula kitakuwa kitamu."

Ndipo alipomsimulia yule bwana ni nani. Mzee wa Mafuta alisikiliza huku akichuja mafuta yake, hadi simulizi ikaisha.

"Mvinyo lakini hauna kosa," alisema. "Ulikuwa umejikalia kwao Italia."

"Hata chakula changu hakikuwa na kosa."

Hata hivyo alikuwa mpishi, na mpishi hawezi kuacha glasi nzuri ipite bila kujua inapenda nini. Aliwatupa kamba wachache kwenye mafuta ya moto pamoja na vitunguu saumu na pilipili nyekundu, pilipili nyingi kuliko adabu inavyoruhusu, akawanyunyizia chumvi. Walikula kwa vidole, wamesimama. Pilipili ilipanda hadi masikioni, machozi yakawalenga, kisha wakanywa. Ule utamu mdogo uliushika moto kwa mkono, ukautuliza, na mapovu yakaondoa mafuta ulimini. Mdomo ukawa tayari kuanza upya. Mzee wa Mafuta alifumba macho. Shefu alikula mwingine, akanywa tena, na kwa muda alisahau kwamba ana adui.

Ijumaa asubuhi, meneja alipita kuhesabu viti. "Mnunuzi na wenzake wawili, mimi, mwenye mvinyo, na mama yake."

Kisu cha Shefu kilisimama juu ya kitunguu. "Mama wa nani?"

"Wa mwenye mvinyo. Anataka akae karibu na mnunuzi. Anasema yeye hafanyi biashara bila baraka za mama. Mtu wa heshima sana yule."

Meneja alipotoka, Shefu alikata kitunguu chote, akakata kingine ambacho hakikuhitajika. Kisha alikwenda kwenye kabati, akaitoa mitungi ya asali aliyokuwa ameipanga mbele, akairudisha nyuma kabisa.

"Umemsamehe?" aliuliza Mzee wa Mafuta.

"Nani? Mimi?" Aligeuka. Mzee alisema baadaye kwamba hajawahi kuona macho yale, na yeye amefanya kazi na wapishi wengi wenye hasira. "Nimeona nilitaka kumpiga kwa kijiko wakati mwiko upo. Sitamharibia mvinyo. Nitawalisha, yeye na mama yake, mpaka wajilambe. Halafu nitatoka kuwasalimia."

Jumamosi alipika kama mtu anayempikia mpenzi. Alianza na jibini ya chumvi na vipande vyembamba vya peasi, kwa kuwa chumvi huufanya mvinyo ule uongee. Wakafuata kuku waliokaangwa wakakauka, ngozi ikilia kama majani makavu, na mchuzi wa tangawizi na pilipili pembeni. Chupa zilitoka kwenye barafu moja baada ya nyingine, kila moja baridi hadi inatoka jasho.

Mhudumu wa kike aliyekuwa akipeleka sahani alirudi na habari kila safari. Mnunuzi ameomba glasi ya pili. Mnunuzi amesema mvinyo huu hakuujua kabla ya kuku huyu. Yule mama mtu mzima alikataa kwanza, akisema yeye si mtu wa pombe. Mwanawe akamsihi alambe tu kwa ajili ya bahati. Alilamba, akalamba tena. "Eti kasema, hii soda imesoma," alieleza mhudumu, na jiko zima likacheka isipokuwa Shefu.

"Na kuku?"

"Kuku? Amebakiza mifupa ya kuzika."

Haukupita muda meneja akaagiza mpishi aje kupongezwa. Shefu alinawa mikono, akabadili aproni, akachukua sahani ya mwisho yeye mwenyewe: kamba wa pilipili, moshi ukiwatoka. Akasukuma mlango kwa bega.

Chumba kilikuwa na mwanga mweupe wa mchana, madirisha makubwa, meza moja ndefu. Mnunuzi alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, glasi mkononi. Shemeji alikuwa katikati ya maneno, mkono angani, akieleza vilima vya zabibu ambavyo hajawahi kuviona. Mama mkwe alikaa kati yao. Alikuwa amezeeka zaidi ya Shefu alivyotarajia.

"Huyu hapa aliyetulisha," alisema meneja.

Mama mkwe aliinua uso kwanza. Uma wake uligonga sahani. Shemeji alifuata macho ya mama yake, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa kama nyumba iliyohamwa. Kisha kicheko kikarudi, kikaanzia juu kama kawaida.

"Shemeji! Ama kweli, milima ndiyo haikutani."

"Ndiyo, shemeji. Karibuni." Aliinama kidogo. "Shikamoo, mama."

Mama mkwe hakuitikia. "Wewe ndiye uliyepika?"

"Ndiyo, mama. Kila mlichokula, kwa mkono wangu huu."

Yule mama aliisukuma sahani mbali, akachukua kitambaa akajifuta midomo, kisha ulimi. Mkono mwingine ulikuwa umeshika koo. Mnunuzi alitazama kitambaa, akatazama glasi yake. "Kuna tatizo?" aliuliza.

Shefu aliweka kamba mbele ya shemeji. "Ongeza, shemeji. Mvinyo wako unawapenda hawa kuliko vyote."

Shemeji alitazama kamba. Kama kweli aliamini kile alichokisema msibani, kilichobaki ni kusimama na kupiga kelele wote waitiwe daktari. Lakini mnunuzi alikuwa ametoka kusema, sahani mbili zilizopita, kwamba huenda akauchukua mvinyo huu kwa hoteli zote. Atasemaje sasa kwamba chakula kile ni cha kuogopwa? Akacheka tena, akachukua kamba kwa vidole, akamtia mdomoni mzima, akatafuna, akateremshia na mvinyo.

"Hakuna tatizo lolote," alimwambia mnunuzi. "Huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Fundi tangu zamani. Mama, kula, chakula hakina neno."

"Wewe ndiye uliyeniambia kina neno," alisema mama yake.

"Mama, hayo tutaongea nyumbani."

Mama mkwe alimtazama mwanawe akichukua kamba wa pili na kumtafuna. Alitazama taya lake, likipanda na kushuka. Mkono wake ulitoka kooni polepole ukashuka mezani.

"Huogopi," alisema.

"Mama, tafadhali."

"Mimi nimejifuta hadi ulimi kwa hofu, na wewe huogopi hata kidogo. Unakula mkono wake huku unacheka." Sauti yake haikupanda. "Tangu lini huogopi? Leo? Au hata siku ile hukuogopa?"

Shemeji alifungua mdomo. Kamba alikuwa bado shavuni, na hakuwa na pa kumtemea.

"Nilimfukuza mjane wa mwanangu kwa neno lako," aliendelea mama. "Nilimfukuza akiwa hajamaliza kulia. Nimekaa na neno hilo kifuani kama kitabu kitakatifu, kumbe mwenye kulileta hakuliamini hata siku moja."

Meneja alijikohoza, akatafuta dari kwa macho. Mnunuzi alimgeukia Shefu na kumwomba aeleze, na Shefu akaeleza: mume, moyo, msiba, swali lile la shemeji, mgahawa. Alieleza kwa sentensi fupi, mikono nyuma, kama anayesoma orodha ya vyakula. Hakuongeza chumvi. Alipomaliza, alimtazama shemeji, akamwona jasho likimtoka juu ya mdomo na kola ya suti ikimbana ile shingo mpya.

Watu husema kisasi hakishibishi. Shefu alisimama pale akasikia anashiba, tonge baada ya tonge.

Mnunuzi aliizungusha glasi yake. "Mvinyo ni mzuri," alisema hatimaye. "Ningekuwa mwongo nikisema siutaki. Nitauchukua." Shemeji alianza kuvuta pumzi. "Lakini mtu anayeweza kusema hivyo juu ya chakula cha kaka yake anaweza kusema chochote juu ya maboksi yake. Kwa hiyo kila mzigo utakuja kwanza hapa, kwenye mlango wa jiko hili, na huyu mpishi atauonja. Akikubali, umeingia. Akikataa, unarudi nao. Ukitaka."

Alitaka. Alikuwa ameweka kila alichonacho kwenye maboksi yale. Aliitikia kwa kichwa bila kumtazama mtu.

Wageni walipotawanyika, mama mkwe alikataa kupanda gari la mwanawe. Alizunguka jengo mwenyewe, akauliza njia, akaja hadi mlango wa nyuma wa jiko, mahali pa mapipa na kreti tupu. Mzee wa Mafuta alimpa kiti, akaenda kujishughulisha mbali.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuambia, mama. Mlikuwa mmeshashiba maneno yake."

Mama mkwe alilia bila kuficha uso. Zamani Shefu alikuwa ameota kilio hicho mara nyingi, na katika ndoto alikuwa akikikatiza kwa kumkumbatia. Sasa hakuhisi mikono ikimwita. Aliacha kilio kiishe chenyewe.

"Nisamehe," alisema mama.

"Sijui, mama. Sitakudanganya." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Ulinifukuza mbele ya ukoo. Nenda ukaniite mbele ya ukoo. Wale wale, na yeye awepo, na shangazi wa paka awepo. Useme kama ulivyosema hapa. Baada ya hapo ndipo nitajua kama naweza."

Ilimgharimu yule mama kuliko alivyofikiri, kwa maana watu hawapendi kuambiwa kwamba walichukia bure. Lakini aliwaita. Shefu alisafiri, akavaa gauni jekundu, akakaa kiti cha mbele. Mama mkwe alisema neno kwa neno, akisimama kwa fimbo, na shemeji alipojaribu kutoka nje kupokea simu mama yake alimwambia akae. Shangazi alikuja baadaye na sahani ya chakula na macho ya chini. Shefu alishukuru, akaipokea, akaiweka pembeni hadi ikapoa, na kila mtu akaiona ikipoa. Alipoondoka alimpa mama mkwe mkono, na mama akaushika kwa mikono miwili kwa muda mrefu. Hilo tu. Mama mkwe alimtoa mwanawe kwenye mgahawa, akautuma ufunguo kwa mjane. Ufunguo Shefu aliupokea, lakini mlango hajaufungua bado, na hana haraka.

Mvinyo uko kwenye meza za hoteli zote sasa, na kwenye orodha, chini ya jina lake, wameandika kamba wa pilipili. Unauzika. Kila mzigo mpya ukifika, shemeji huja nao mwenyewe hadi mlango wa jiko, kwa sababu Shefu hapokei kutoka kwa dereva.

Safari hii ya karibuni alifika mchana, saa za jua la utosi. Shefu alichagua boksi moja, akatoa chupa, akaipeleka ndani kwenye barafu. Mvinyo ule hauonjwi ukiwa na joto. Kila mtu anajua hivyo. Ulipopoa alikaanga kamba, kwa kuwa hauonjwi kwa mdomo mtupu pia. Akavuta kiti karibu na dirisha, akala mmoja, akasubiri pilipili ipande, akanywa. Mapovu yalimchezea ulimini, ule utamu wa kiasi ukapita ukisalimia. Akala wa pili. Akamwita Mzee wa Mafuta ajimiminie naye.

Mzee alichungulia nje. "Shefu, mtu anaungua jua pale."

Shefu naye alichungulia. Shemeji alikuwa amesimama kati ya maboksi, koti begani, akijipepea kwa mkono.

"Kweli," alisema. "Mvinyo haupaswi kupigwa na jua. Ingizeni maboksi kivulini."

Wakaingiza maboksi yote, moja moja, wakaurudishia mlango. Yeye akarudi kwenye kiti chake, akachukua kamba mwingine.